Ahadi ya Upande Mmoja

Miongoni mwa watu wetu waliohamia Marekani limezoeleka neno moja ambalo sasa limekuwa kama amri: siku ya usaili wa ndoa haiguswi. Barua ikishafika, hata mzazi awe mahututi kitandani, hata ndugu awe anaolewa, hata tiketi ya ndege iwe imelipiwa zamani, wewe nyamaza, tulia, ngoja siku hiyo. Ukiomba ibadilishwe, wanasema, afisa atakutilia shaka. Na ndoa iliyotiwa shaka ni kama kanzu iliyodondokewa na wino. Neno hili husemwa na watu wema, tena mara nyingi wakubwa wetu kwa umri, kwa nia ya kumwokoa kijana asiangamie. Mimi nalipinga. Nalipinga kwa sababu si kweli, na hata lingekuwa kweli lingekuwa dhuluma. Na dhuluma haigeuki kuwa hekima kwa kurudiwarudiwa na watu wema.

Hebu kwanza tuelezane jambo lenyewe, maana wengi hulisikia kwa mbali. Raia wa Marekani akioa mgeni au akiolewa na mgeni aliyeingia nchini humo kwa halali, wawili hao huweza kuomba yule mgeni apewe makazi ya kudumu, ndiyo hiyo inayoitwa kadi ya kijani. Siku hizi wengi wa hao raia ni watu wetu wenyewe waliokwisha kula kiapo cha uraia, wakaoana na waliokuja nyuma yao. Raia hujaza fomu ya kumwombea mwenzake, inayojulikana kwa namba I-130. Mgeni naye hujaza yake ya kuomba makazi, I-485. Hufuata alama za vidole, uchunguzi wa daktari, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, hati za benki, mkataba wa nyumba na picha za harusi. Ada nayo si haba: tarehe 1 Aprili 2024 ada ya hiyo fomu ya mgeni peke yake ilipandishwa hadi dola 1,440. Baada ya hapo watu hungoja. Hungoja miezi, na pengine mwaka na zaidi. Kisha siku moja barua huingia sandukuni: fika tarehe fulani, saa fulani, ofisi fulani, wewe pamoja na mwenzi wako. Kati ya barua hiyo na siku yenyewe aghalabu huwa wiki chache tu.

Angalia mizani hiyo, ndugu msomaji. Upande mmoja umengoja mwaka bila kuambiwa lini. Upande wa pili umechagua siku peke yake, ukatoa muda wa wiki chache, na ukataka watu wawili waitikie kwa pamoja. Wawili, si mmoja. Kila mmoja ana kazi yake, wazazi wake, ndugu zake na misiba yake. Pengine raia ni askari aliyepelekwa mbali na jeshi lake, pengine ni muuguzi anayefanya zamu za usiku, pengine ndiye mwenye mama anayeumwa. Ajabu ingekuwa kama siku hiyo isingegongana kamwe na safari ya mtu.

Sasa tuitazame sheria, maana wanaotisha wenzao mara nyingi hawajaisoma. Kanuni za uhamiaji za Marekani zinasema waziwazi kwamba mtu aliyeitwa kwenye usaili anaweza, kabla ya siku na saa aliyopangiwa, kuomba apangiwe siku nyingine kwa sababu ya msingi. Zinasema vilevile kwamba mtu asiyefika, bila ombi lake la kubadilisha siku kuifikia ofisi kabla ya saa ile, faili lake litahesabiwa kuwa limetelekezwa na litakataliwa. Faili lililokataliwa hivyo halikatiwi rufaa; mwenyewe hubaki na njia nyembamba ya kuomba lifunguliwe upya. Basi yako mambo matatu ambayo watu wetu wameyachanganya wakayapika chungu kimoja. Kuomba siku nyingine mapema ni jambo la kwanza. Kutofika kimyakimya ni jambo la pili. Kupanda ndege bila kibali ni jambo la tatu.

Hili la tatu lataka maneno yake peke yake. Mgeni ambaye ombi lake la makazi halijajibiwa hana ruhusa ya kutoka Marekani na kurudi kama apendavyo. Sharti kwanza aombe kibali cha kusafiri kwa fomu nyingine, I-131, na akipate mkononi kabla ya kuondoka. Akivuka mpaka bila kibali, ombi lake la makazi huhesabiwa kuwa ameliacha mwenyewe, isipokuwa wachache wenye viza za namna fulani za kazi. Kabla ya Aprili 2024 kibali hicho kiliombwa pamoja na makazi bila ada ya ziada. Tangu siku hiyo kikawekewa ada yake, dola 630. Wala kupata kibali hakumhakikishii mtu kuingia tena: uamuzi wa mwisho hubaki kwa afisa wa mpakani. Kwa hiyo mtu anapouliza habari ya safari na usaili, kuna milango miwili mbele yake, wala mmoja haufungui mwingine. Siku ya usaili kubadilishwa si ruhusa ya kuondoka. Na ruhusa ya kuondoka haiahirishi usaili. Yule anayeyajua haya na akayasema anawasaidia watu. Yule anayesema tu "usiguse" anawaacha gizani, na gizani ndimo watu huanguka. Nina yakini kuwa wengi waliopoteza maombi yao kwa kutofika walikuwa na sababu ambayo ingesikilizwa, lau wangeisema. Hawakuisema kwa kuwa walikuwa wamefundishwa kwamba kuisema ni hatari.

Nikisema hivi, watetezi wa ukimya hunijibu kwa methali. Ahadi ni deni, wanasema. Naam, ni deni. Lakini ahadi huwekwa na wawili. Nikikuambia tuonane Ijumaa baada ya sala, nawe ukaitikia, basi nimekuwa na deni kwako na wewe una deni kwangu. Barua ya usaili haikumwuliza mtu. Katika kurasa zote alizojaza, na ni kurasa nyingi, hapana mahali alipoulizwa: je, ziko siku ambazo hutaweza kufika? Aliulizwa kama amewahi kukamatwa, aliulizwa majina ya wazazi wake, aliulizwa kila nyumba aliyokaa kwa miaka 5, hilo hakuulizwa. Ahadi iliyowekwa na upande mmoja ni tangazo. Tangazo nalo hutiiwa, sikatai. Lakini anayelitii ana haki ya kusema, kwa adabu na kwa wakati, kwamba siku hiyo imeangukia mahali pabaya.

Na wenye tangazo wenyewe wanajua kwamba siku huweza kuharibika. Tarehe 18 Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ofisi za uhamiaji za Marekani zilifunga milango yake kwa umma, zikaanza kuifungua tena tarehe 4 Juni. Watu waliokuwa wameitwa katika siku hizo waliambiwa usaili wao umeahirishwa. Walikuwemo walioomba likizo kazini, walioacha kwenda kuzika, waliopangisha wakili. Wakangoja. Hakuna aliyesema kwamba ofisi imetelekeza maombi yao, wala aliyeitilia shaka nia yake. Watu walifahamu kuwa dunia imepatwa na jambo. Nami nakiri kwamba ofisi zilifanya sawa kufunga. Nasema tu kwamba dunia ya mtu mmoja nayo hupatwa na jambo. Baba yake mtu akifa, kwake yeye hiyo ndiyo Machi 2020.

Methali ya pili ninayopigwa nayo ni hii: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapo nasema, sawa, tuiname. Mgeni amekwisha kuinama sana. Ametoa alama za vidole vyake, ameonyesha barua zake, amefungua akaunti yake ya benki, amejibu habari za chumbani mwake. Kuinama huko ni halali, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kujua nani anayeingia. Lakini yako mambo ambayo mwenye nyumba hakuyataka, tumeyazua sisi wenyewe kwa hofu, kisha tukayapa jina la adabu. Kuacha kumzika mzazi ili afisa asikunje uso, ilhali kanuni ya afisa huyo inakuruhusu kuomba, hakumo katika kuinama. Huko ni kulala kifudifudi mahali ambapo hakuna aliyekuamrisha kulala.

Na hapa ndipo lilipo shina la maneno yangu. Usaili huu unatafuta nini? Unatafuta kujua kama ndoa ni ya kweli. Sheria ya mwaka 1986 dhidi ya ndoa za udanganyifu iliweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000 kwa anayeoa makusudi ili kuikwepa sheria ya uhamiaji. Na wale ambao ndoa zao hazijatimiza miaka 2 siku wanapokubaliwa hupewa makazi yenye masharti, ya miaka 2 tu, kisha huchunguzwa tena. Kuhusu kipimo cha ukweli huo, mahakama ya rufani ya huko katika kesi ya Bark ya mwaka 1975 ilisema kwamba la kutazama ni kama wawili hao, walipooana, walikusudia kuanzisha maisha pamoja. Maisha pamoja! Neno hilo ni pana kuliko hati ya benki na mkataba wa nyumba.

Maisha pamoja ni nini kwa mtu wa kwetu? Kwetu mtu haoi mtu mmoja; huoa nyumba nzima. Kuna baba mkwe, mama mkwe, mashemeji, mawifi, shangazi ambaye hakufika harusini na bado ana kinyongo. Kuna mtoto aliyezaliwa ambaye bibi yake hajambeba. Kuna harusi ya mdogo wako ambayo usipohudhuria itakumbukwa mpaka wajukuu. Mume na mke wa kweli huyabeba haya pamoja. Huyapangia fedha, huyagombania, huyasafiria. Ndoa ya uongo haina safari. Watu waliooana kwa makaratasi tu hawana mkwe wa kumuuguza wala matanga ya kwenda kukaa. Siku yoyote watakayoitwa wao wapo, wameketi, suti imepigwa pasi. Basi tukisema kwamba mwenye safari ndiye wa kutiliwa shaka, tumegeuza mambo kichwa chini. Kisha mezani afisa huweza kuwauliza: je, mmewahi kuwatembelea wazazi wa mkeo? Mna picha nao? Safari ileile waliyoambiwa waiache ndiyo ingeleta jibu.

Tuchukue mfano wa msiba, kwa kuwa ndio unaokata maini. Kwa Waislamu wa Pwani maiti huzikwa upesi, aghalabu siku ileile. Aliye Marekani hata angekuwa na kibali mfukoni asingewahi kaburi. Kwa hiyo wako wanaosema: huwahi, basi kaa. Wamesahau kwamba mazishi ni siku moja na msiba si siku moja. Mama aliyefiwa hukaa eda miezi 4 na siku 10, na katika muda huo ndipo mtoto hutakiwa awe karibu: kuna madeni ya marehemu, kuna mirathi, kuna mama mwenyewe anayeamka usiku na kuita jina la mtu asiyekuwapo. Kwa watu wengi wa bara mambo ni kinyume: maiti huhifadhiwa wiki moja au mbili ili ndugu walio ng'ambo wafike, michango ya nauli ikusanywe, ndipo wazike. Huko maiti humngoja mtoto. Je, faili haliwezi kungoja? Ziko njia za kuomba kibali cha kusafiri kwa dharura, na wako maafisa ambao wakionyeshwa cheti cha kifo hufanya wepesi. Lakini njia hizo hupatikana kwa anayeuliza. Hazijawahi kumfuata mtu nyumbani kwake akiwa amenyamaza.

Sitaki nionekane kwamba sioni upande wa pili. Ofisi zina mafaili mengi. Saa moja iliyoachwa tupu na mtu aliyeahirisha jana yake ni saa ambayo mwingine angeitumia, na huyo mwingine naye amengoja mwaka. Wako pia wenye hila: anayeona ndoa yake imebakiza miezi michache itimize miaka 2 anaweza kuvuta siku ili apate kadi ya miaka 10 badala ya ile yenye masharti. Wako wanaoita "sababu ya msingi" likizo ya ufukweni waliyoinunua kwa bei nafuu. Haya yote yapo.

Lakini yatazame moja moja. Kuhusu saa iliyoachwa tupu, dawa yake ni watu kuomba mapema, na watu hawataomba mapema maadamu wametishwa; mtu mwenye hofu husitasita mpaka siku ya mwisho, kisha hafiki kabisa, na saa ile hupotea bila faida kwa yeyote. Kuhusu mwenye hila ya miaka 2, tujiulize amemdhulumu nani: sheria ilitaka ndoa ikomae, naye ameingoja ikomae, tena kwa gharama yake. Na kuhusu likizo ya ufukweni, hapo nipo pamoja na ofisi. Si kila safari ina uzito sawa, na mtu mzima anajua tofauti ya harusi ya dada yake na matembezi. Anayeandika kwamba mama yake anaumwa ilhali hana ila hamu ya bahari anawaharibia njia wote ambao mama zao wanaumwa kweli. Huyo simtetei.

Na hata aliye na sababu njema haipati siku mpya bure. Siku nyingine huweza kuchelewa kwa miezi, na miezi hiyo mtu huishi nusunusu: hawezi kwenda na kurudi kwa uhuru, mwajiri anamwuliza habari za makaratasi, na usiku hulala akihesabu. Hiyo ni bei, naye ameikubali kwa ajili ya mzazi wake. Mtu aliyelipa bei kama hiyo, hapana haja ya kumwongezea shaka juu yake.

Basi nataka nini? Kwa wenye ofisi nataka mambo madogo. Katika zile kurasa nyingi waongeze mstari mmoja wa kuuliza siku ambazo mtu hawezi kufika. Barua zitoke mapema zaidi. Anayeomba siku nyingine ajibiwe kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza kufika, asiachwe akikisia kama aende uwanja wa ndege au aende ofisini. Na "sababu ya msingi" ielezwe kwa mifano, ili maana yake isitegemee afisa ameamkaje. Ofisi hizi huendeshwa kwa sehemu kubwa kabisa na ada za waombaji wenyewe. Si dhambi mlipaji kuomba aulizwe.

Kwa watu wetu nataka zaidi, kwa kuwa nyie ni wangu. Acheni kuuza hofu. Kijana akija na barua mkononi na safari moyoni, msimwambie "usiguse". Mwulizeni: nani anasafiri, wewe au mwenzio? Una kibali? Siku ziko ngapi? Una cheti cha hospitali, una tiketi, una kadi ya mwaliko? Kisha msaidieni aandike kwa lugha fupi na ya kweli, aipeleke kwa njia iliyotajwa kwenye barua yake, aweke nakala na risiti ya kila alichopeleka. Mwambieni wazi kwamba mpaka ajibiwe, siku ya kwanza bado inasimama, na akinyimwa itambidi achague. Mwambieni pia kwamba bila kibali asiguse ngazi ya ndege. Na kama jambo lake lina matata, kama aliwahi kukaa bila viza au kukamatwa, apelekeni kwa wakili, si kwa binamu anayejua kila kitu. Hayo ndiyo malezi. "Usiguse" si malezi.

Sisemi kila atakayeomba atapewa. Wengine watanyimwa, na itawapasa kuchagua kati ya kaburi la mzazi na makazi yao. Uchaguzi huo simtakii mtu. Lakini achague baada ya kuuliza na kujibiwa. Wako leo, katika miji mingi ya Marekani, watu wazima wenye kadi za kijani ambao hawakuwahi kuambiwa hapana na serikali. Walijiambia wenyewe. Waliketi mbele ya afisa wakijibu rangi ya mapazia na upande wa kitanda, huku nyumbani kwao watu wanatia udongo. Na hata leo hawajui jibu lingekuwa nini, kwa kuwa hawakuomba. Mzigo huo hawakutwishwa na afisa. Wametwishwa na ushauri wetu, na huo tunaweza kuutua leo.